Misonobari Yangu ya Isevya

Jumanne, 3 Desemba 2024

Mzee Elieza amepiga simu kutoka Mafinga! Huyu ndiye baba yake Erasmus, na Erasmus ndiye kijana anayetaka kumwoa Flavia wangu. Walikutana huko huko Mafinga, binti anakofundisha. Wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuleta posa. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana hali za nyumbani, tukaulizana mvua. Akasema kwao mvua ni ya kumwaga na nyumba yake imezungukwa na mipaini. Ndivyo wanavyoiita misonobari kule. Halafu akashusha pumzi. Akasema anatuonea huruma sisi watu wa Tabora, maana amesikia tumemaliza miti yote kukaushia tumbaku.

Huruma! Mimi Leodgar! Nimepanga madaraja ya tumbaku maisha yangu yote, nimekula asali ya Ipole tangu sina meno, halafu nionewe huruma na mtu wa Mafinga.

Nikamwambia hapa kwangu Isevya misonobari ipo. Akauliza mingapi. Nikasema kumi na miwili. Imesimama mstari mbele ya nyumba, na imeshapita paa. Sijui hiyo kumi na miwili ilitoka wapi. Labda kwa mitume.

Mzee alifurahi mpaka simu ikakoroma. Akasema mtu anayepanda paini nyumbani kwake ni mtu wa subira, na binti wa mtu wa subira yeye atampokea kwa mikono miwili. Anataka kunywa chai chini ya miti hiyo.

Mbele ya nyumba yangu kwa sasa kuna kamba ya nguo, kuku wa Agnetha na uzio wa minyaa. Mke wangu alikuwa anasikiliza. Ameingia ndani akaanza kugonga masufuria. Hana imani, huyu mwanamke, lakini anapika vizuri.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimesoma habari za misonobari kwenye simu hadi bando likaisha. Kumbe mti huu ni hazina! Unakinga nyumba na upepo. Majani yake yaliyodondoka, yale membamba kama sindano, unayatandaza kwenye bustani yanazuia magugu na kutunza unyevu. Una harufu safi. Na ukipandwa mstari mmoja unamficha jirani. Kwa hilo la mwisho peke yake ningepanda hata mia.

Jirani yangu ni Sabiri. Alikuwa gadi wa treni, akastaafu hapa hapa Tabora badala ya kurudi kwao Kisarawe. Ni Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi. Basi ni watani, tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na pembe za ndovu begani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wageni, anaweza kuchukua kuku wako akamchinja, na wewe ukinuna umevunja mila. Sabiri ananiita mpagazi kila asubuhi. Sijawahi kununa hadharani.

Nimekwenda kwenye kitalu cha Yoramu. Nikamwambia nataka misonobari kumi na miwili iliyopita paa. Akaniomba nirudie. Kisha akamwita mkewe, nikarudia tena mbele ya mkewe. Alichonacho ni miche kwenye viriba, urefu wa kiganja. Nikauliza inachukua muda gani kufika paa. Akasema inategemea paa, lakini nisiahirishe shughuli nyingine kwa kuisubiri.

Nimeichukua hivyo hivyo. Wote wanasahau kwamba mimi ni mtu wa tumbaku. Nina nusu mfuko wa mbolea ya tumbaku stoo. Nimepanda miche jioni hii na kila mche nimeupa makonzi mawili kamili. Tumbaku ukiitia mbolea inapaa. Na mti ni nini, kama si tumbaku yenye subira?

Nalala na furaha kubwa.

Jumapili, 8 Desemba

Miche yote imekufa. Imeungua, rangi ya kahawia safi kabisa. Ingekuwa tumbaku ningeipa daraja la kwanza.

Nimeiona tuliporudi kutoka misa ya kwanza, mimi, Agnetha na Flavia, ambaye amefika jana na basi kwa kuwa shule zimefungwa. Sabiri alikuwa ameegemea minyaa upande wake. Akaniuliza kama nimeanza kilimo cha njiti za kiberiti. Nikacheka.

Mchana Flavia akaniita barazani. Nilijua anachotaka. Erasmus ameshamwambia kuhusu miti. Kule kwao hadithi ya misonobari ya Tabora imeenea ukoo mzima. Shangazi wa Erasmus ameamua kuja kwa sababu ya miti tu. Nikaanza kumweleza kwamba baba yake ana mpango. Hakunikatiza. Alisubiri nimalize, akanishika mkono kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo tukivuka reli.

"Baba," akasema, "huyu nampenda kweli. Naomba usinifukuzie."

Nimekaa na maneno hayo jioni nzima. Mtu mwingine angepiga simu Mafinga akakiri. Nami nilifikiria jambo hilo, nakubali, muda wa kikombe kimoja cha chai. Lakini nikikiri nitakuwa mwongo, na nani atamwoa binti wa mwongo? Njia pekee ya kumwokoa mtoto ni kuhakikisha miti ipo. Hesabu hii haina kasoro popote.

Jumatatu, 9 Desemba. Sikukuu ya Uhuru

Mungu anawapenda wachapakazi! Nimepita kwenye nyumba ya masista na nimekuta wanapunguza mivinje yao. Mivinje mikubwa, mirefu, majani membamba yaliyoning'inia. Mtu akiwa na haraka ataapa ni misonobari. Vilele vimelala chini, kila kimoja kirefu kama nguzo ya umeme, au tuseme nusu ya nguzo. Sista Bernadeta akauliza navitaka vya nini. Nikasema kuni. Si uongo. Kila mti mwisho wake ni kuni.

Nimevileta na guta safari nne. Nimechimba mashimo, nimevisimika, nimeshindilia mawe na udongo. Nilipomaliza shati lilikuwa limelowa kabisa, lakini nikarudi nyuma hadi barabarani kutazama. Kumi na miwili! Mstari umenyooka! Imepita paa, sita kati yake kwa hakika. Upepo ukavuma, ikaimba. Machozi yalinitoka, siyaonei aibu. Misafara ya zamani ilipanda miembe njia nzima mpaka Ujiji na watu wanaisifu hadi leo. Mimi nimepanda msitu kwa sikukuu moja.

Agnetha alitoka na ungo mkononi. Akatazama mti wa kwanza mpaka wa mwisho. Akasema hiyo ni mivinje, tena imekatwa, na yule mzee amezaliwa kwenye mipaini, amekulia kwenye mipaini na anauza mbao za paini. Nikamjibu kwamba mtu aliyezoea kitu hakitazami tena. Akasema maneno mawili ya Kinyamwezi ambayo siyaandiki humu.

Flavia ameitazama kwa muda mrefu. Akaniambia asante, baba. Halafu akaenda nyuma ya nyumba na nikamsikia akicheka, au akilia. Milango yetu ni mizito.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua kubwa imepiga na upepo wake. Mmoja wa mitume wangu kumi na wawili ameanguka. Kwa bahati mbaya ameangukia kwa Sabiri, juu ya banda lake la kuku. Kuku hawakuumia. Walishtuka tu.

Nilipoamka Sabiri alikuwa ameshausimika mti wangu mbele ya mlango wake. Ameweka kiti chini yake. Amekaa, anakunywa kahawa, anawasalimia wapita njia, anawaambia karibuni kwenye msonobari. Na kwa hali ilivyo pale mlangoni kwake, mti wangu ulipendeza kuliko ulipokuwa kwangu! Nilitamani kung'oa minyaa kwa meno.

Nikaenda kuudai kwa heshima. Akasema huo mti ulitoroka kwangu kwa sababu ya njaa, ameupokea kama mkimbizi. Akasema tangu lini mpagazi akadai mzigo aliokwisha kuuangusha? Kama nautaka nilete jogoo. Sikununa. Nikasema sawa, mtani, nikarudi nyumbani nikanuna huko, kisha nikamkamata jogoo wa Agnetha nikampeleka, nikarudi na mti wangu.

Jogoo yule alikuwa wa kupikiwa wageni Jumamosi. Agnetha amegundua saa ya chakula cha mchana. Hasemi nami. Kumbe pia ameshamwalika Sabiri kwenye posa. Anasema posa bila mtani haina chumvi, na kwamba mimi nastahili.

Ijumaa, 13 Desemba

Wageni wamefika mjini kwa barabara ya Chunya. Wamelala nyumba ya wageni. Erasmus amekuja kunisalimia jioni, kijana mrefu, mpole, shikamoo yake ya kupiga magoti kidogo. Alitazama miti kupitia dirisha. Giza lilikuwa limeanza, namshukuru Mungu kwa giza. Akasema ni mingi. Nikasema kumi na miwili. Akasema, ndiyo baba, ni mingi.

Kasoro zilizobaki leo zilikuwa mbili, na nimezitibu zote.

Ya kwanza, matunda. Msonobari wa heshima una matunda yake yale magumu yenye magamba. Mivinje ina vijitunda vya ukubwa wa njugu. Nimechukua magunzi ya mahindi, nimeyakata vipande, nimeyapaka kahawia kwa rangi iliyobaki ya geti na kuyafunga matawini kwa kamba za tumbaku. Kwa mbali ni kamili. Kwa karibu inabidi usiwe na njaa.

Ya pili, harufu. Mivinje hainuki kitu. Nimehangaika asubuhi nzima, mpaka nilipoingia msalani na kuiona ile chupa ya dawa ya kusafishia choo. Imechorwa nini kwenye karatasi yake? Msonobari! Na maandishi: harufu halisi ya msitu wa misonobari. Nimeichanganya na maji kwenye bomba la kupulizia tumbaku na nimepuliza mti hadi mti. Chupa nzima. Mtaa wote unanukia usafi. Mama mmoja mpita njia ameuliza kama tumepata mlipuko wa kipindupindu.

Sasa Agnetha anatafuta dawa ya choo. Wageni wanakuja, choo hakijaoshwa. Nimejifanya nasali rozari.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika haraka kabla moyo haujatulia. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Walikuja asubuhi, Mzee Elieza, mkewe, shangazi, Erasmus na mshenga wao. Mzee ni mfupi, kofia ya sufu katika jua la Tabora, fimbo mkononi. Alifungua geti, akasimama. Akatazama miti. Akavuta pumzi kwa pua, mara mbili. Shangazi akaziba pua kwa khanga akajifanya anapenga kamasi. Mzee akausogelea mti wa kwanza, akashika gunzi, akaligeuza. Akalirudisha taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kofia iliyodondoka.

Nikawakaribisha wakae chini ya miti, nilikuwa nimeshapanga viti. Shikamoo zikapigwa, marahaba zikaitikiwa. Flavia akaleta chai na matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kukaushwa, na karanga. Vikombe vikawa vinagongana kwenye sinia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kwa mara ya kwanza. Katika shughuli yote hii sikuwa nimeogopa hata siku moja, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Mshenga akasimama kusema neno la posa. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye ua zuri lililoonekana katika bustani ya wenyewe.

Sabiri akaingia.

Kanzu nyeupe, kibaraghashia, mwendo wa kukagua tiketi. Akawaomba wageni radhi, akajitambulisha kuwa ndiye mtani wa nyumba hii na kwamba hakuna binti anayetoka hapa yeye asipopewa haki yake. Wageni wakamkubalia, kwao pia watani wapo. Basi akaenda kwenye mti wa katikati, akaukumbatia, akaung'oa! Kwa mkono mmoja na nusu! Akautia begani na kuanza kuzunguka uwanja, anaimba kwa sauti ya gadi wa treni kwamba zamani Mnyamwezi alibeba pembe, akabeba shaba, akabeba na Wazungu, na leo amebeba msitu mzima kutoka kwa masista ili amfurahishe mkwe. Magunzi yalikuwa yanadondoka njia nzima na kuku wanayafuata.

Sikumtazama Mzee Elieza. Nilimtazama Flavia. Alikuwa amesimama na birika mkononi, macho yake kwa Erasmus, na Erasmus macho yake kwa baba yake. Nikajua nimemfukuzia. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii yenye malengelenge. Nilitamani ardhi inimeze, lakini mashimo yote, ila moja, yalikuwa na miti.

Mzee Elieza akaweka kikombe chini. Akanyanyuka, akaegemeza fimbo yake kwenye kiti. Akaenda kwenye mti wa pili, akauvuta. Ukatoka. Akautia begani, kofia ikaenda upande, akamfuata Sabiri nyuma. Anaitikia wimbo! Haujui, lakini anaitikia! Shangazi akapiga kigelegele, akaondoa khanga puani, akachukua wa kwake. Erasmus akabeba miwili. Agnetha, mke wangu ambaye alikuwa hasemi nami tangu Jumatano, akaweka ungo chini na kung'oa mmoja kwa nguvu ambazo nadhani alikuwa amezikusudia kwangu. Wote wanazunguka uwanja kama msafara, wanacheka, na mimi nimesimama peke yangu mikono mitupu.

Walipochoka Mzee akaja, akanishika bega. Alikuwa anahema na ana majani ya mivinje kwenye nyusi.

"Baba Flavia," akasema, "subira huna hata punje. Lakini umechimba mashimo kumi na mawili kwa ajili ya mtoto wako. Sisi tunamtaka binti aliyetoka kwenye nyumba inayompenda hivyo."

Nikalia. Sabiri akasema mpagazi amezidiwa na mzigo, kisha naye nikamwona anajifuta kwa mkono wa kanzu. Posa imepokelewa. Flavia alinikumbatia mbele ya wakwe, jambo ambalo si kawaida, na hakuna aliyelalamika.

Halafu jambo lingine! Kwenye mizigo yao kulikuwa na gunia lililolowa, na ndani yake miche ya paini kutoka Mafinga. Mzee aliibeba ili iongeze mstari wangu, ili miti ya kwao na ya kwetu ikae pamoja. Akatembea nami uwanjani kunionyesha. Hapa mbele hapafai, imebanana na nyumba, ikikua majani yatajaza mifereji ya paa na matawi yatapiga bati. Tuipande upande wa mashariki, upepo wa kiangazi unakotokea, kila mche upewe nafasi yake. Majani yatakayodondoka tuyaache chini, yatalinda unyevu. Mmoja tuuweke peke yake pale pembeni, wajukuu waupambe Krismasi. Na mbolea, akauliza, nilikuwa nimefikiria mbolea gani? Nikasema bado natafakari.

Nikaomba tupande na mpakani kwa Sabiri, ili imfiche. Sabiri akasema vizuri sana, maana kivuli cha jioni kitaanguka kwake. Tumepanda hapo hapo, kabla hata ya wali, wote tukiwa na nguo za sikukuu. Sijawahi kula wali mtamu vile. Jikoni kwetu hakukuwa na jogoo, lakini Sabiri alimrudisha, amekaangwa.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa herufi kubwa ili nisisahau: UONGO HAUJENGI. Kuanzia leo Leodgar ni mtu wa ukweli.

Jumapili, 15 Desemba

Nimewasindikiza wakwe stendi baada ya misa. Miche imesimama vizuri. Nimeitazama mara kadhaa, haijakua, na sijaifanya kitu. Nina amani ambayo sijaipata kwa miaka mingi. Agnetha ameniita Baba Flavia kwa sauti ile ya zamani.

Tukiwa tunasubiri basi, Mzee Elieza akawa anapanga habari za harusi. Itakuwa Julai, Tabora, wao watakuja basi zima. Akasema ukoo wao una kwaya. Akauliza sisi huku tuna burudani gani. Nikamwambia ukweli mtupu, kwamba Wanyamwezi na Wasukuma wana ngoma ya nyoka, wachezaji wake wanacheza na chatu shingoni. Akastaajabu. Akasema lazima ni watu mashujaa sana. Macho yake yalikuwa yananitazama kwa heshima kubwa, na dereva alikuwa ameshawasha gari, hapakuwa na nafasi ya maelezo marefu.

Nikamwambia mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa ngoma hiyo.

Alinishika mikono yote miwili dirishani. Akasema siku ya harusi ya watoto wetu hataki kwaya kwanza, anataka kuniona mimi na chatu. Shangazi alipiga kigelegele mpaka basi likatoka stendi.

Julai ni mbali. Sijamwambia Agnetha. Kesho asubuhi napanda gari kwenda Ziba, kuna mtu kule anafuga. Nimesikia chatu akishashiba hana neno na mtu. Basi awe ameshiba tu.